Hayo Mavaibu Yote Yaliandikwa Jana

Wasee wengi chuo hudhani shoo ya redio ni kuwasha maiki tu, kisha stori zijilete. Zii. Ukiskia msee anabonga kwa redio kama amekaa baze na mabeshte, jua kuna karatasi mbele yake, na hiyo karatasi imekatwa-katwa na biro hadi imechoka. Fristailo waachie marapa, na hata hao wengi hutubeba ufala.

Lawama kiasi iende kwa DJ Boyie. Shujaaz ilipotoka 2010 kama komiki ya Sheng, huyo chali wa kuchorwa alikuwa anateka masafa ya redio kutoka keja, na mayuthi kibao wakadai kuwa yeye. Boyie ni moto, sikatai. Lakini nyuma yake kuna mbogi ya waandishi na wachoraji, na hao hatuwaonangi. Ukitaka mfano wa ukweli, cheki Koch FM: ilianza Korogocho 2006, studio ikiwa ndani ya kontena. Kwa hivyo maneno ya "hatuna studio" wekeni kando. Swali ni kama mna shoo.

Na shoo haianzi na mada. "Maisha ya chuo" ni kichwa cha insha ya shule ya msingi. "Mkopo ukichelewa, mbona mathe wa kibanda ndiye anageuka benki?" Hapo sasa tunaongea. Swali kama hilo linakuonyesha lenyewe nani wa kuhoji: mathe wa chapo madondo mwenye kile kitabu cha madeni, komredi ambaye jina lake limejaa humo, na labda msee wa uchumi wa kueleza kwa nini mathe hajafunga biashara bado.

Hapo ndio mnachukua karatasi mnachora saa. Duara moja, dakika 30, mnalikata vipande. Juu kabisa mnaandika: chapo inalia kwa mafuta, sekunde kumi, bila biti. Halafu sauti ya mathe akisema bei. Halafu swali. Salamu hazimo. Hiyo "hope mko poa huko nje, kabla hatujaanza wacha nigotee mabeshte wangu wa bloku B" ndio ugonjwa wa redio za chuo, na mi naona ingefaa kutozwa faini. Skripti nayo isiandikwe yote. Andika mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea na maswali. Katikati weka pointi. Msee akisoma kila neno huskika kama taarifa ya saa moja jioni.

Sheng? Chapa Sheng, Ghetto Radio 89.5 imeonyesha zamani kwamba lugha ya mtaa inabeba stesheni nzima. Ila Sheng ya baze yako inaweza kufika Kayole ikakosa mwenyewe. Neno likiwa jipya, lipange kwa sentensi yenye inajieleza, usiligeuze darasa.

Sasa kurekodi. Rumu ya hosteli ni kuta za mawe na sakafu tupu, ukibonga sauti inakurudia. Fungua kabati yenye manguo imejaa, keti ukiiangalia, tundika blanketi nyuma yako. Ama jifunike duveti kabisa: utatoka jasho, lakini sauti itakaa ya studio. Simu zote ziwe hali ya ndege, hata ile unarekodia, juu zikitafuta mtandao zinaweza kuacha mngurumo. Maiki ikae umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, kando kiasi, ndio upepo wa "p" na "b" upite pembeni. Jaribu na "pilipili ya baba". Sauti yako kubwa kabisa igonge kama -6 dB kwa mita ya sauti. Ikigonga 0 inararuka, na kuishona baadaye ni ngumu. Mvua ikianza kupiga mabati, zimeni mkamange.

Kwa kibanda, kwanza omba ruhusa, useme hiyo kitu itaskika wapi. Halafu uliza swali fupi na unyamaze. Tingisha kichwa tu. Ile "mmh, mmh" yako itanata juu ya sauti yake na hautaitoa. Muulize: "Mathe, kuna mtu ulimkopesha ukijua hatalipa?" Atacheka, atasema ah, hao ni watoto wangu. Usikimbilie swali lingine. Wacha ageuze chapo. Mara nyingi jibu lenyewe huja hapo, sufuria ikifunikwa, akishasahau maiki. Majina ya wadeni msiyarushe hewani, hata kama ni ya kuchekesha. Kabla hamjaondoka, rekodini nusu dakika ya kibanda bila mtu kubonga. Mtaihitaji kuziba mapengo.

Kuhariri, Audacity ni ya bure na inatosha. Hifadhi kazi kwa WAV, MP3 ije mwisho. Matusi toa: kwa sheria za utangazaji Kenya, kutoka saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku hewa ni ya kila mtu, watoto wakiwemo. Ngoma za wasanii zina wenyewe, kwa hivyo katia komredi anayetengeneza biti darasani kwenu, akupee moja kwa maandishi, umtaje mwishoni.

Kisha panda nganya na simu yako, bila earphones, spika tu, ukae karibu na mlango. Konda akipiga mluzi na bado unaskia mathe anasema nini, tuma faili. Kama unaskia biti peke yake, rudi keja uishushe.