Kupandikiza nywele: kupasuliwa ni siku moja, kupona ni mwaka

Kwenye WhatsApp na TikTok, hata hapa Majengo katika komine ya Karisimbi, zinapita picha za watu waliokuwa na upara na sasa nywele zimejaa. Matangazo mengi yanatoka Uturuki, ambako mji wa Istanbul unajulikana sana kwa kazi hiyo. Picha ni mbili tu: ya mbele na ya nyuma. Miezi ya katikati haionyeshwi. Kwa mkaaji wa Goma ndiyo miezi ya kufikiria, juu wakati huo yeye yuko nyumbani na daktari aliyempasua yuko mbali.

Daktari anafanya nini?

Hatengenezi nywele mpya. Anatoa mizizi ya nywele kisogoni, mahali ambapo upara haufiki kwa urahisi, anaipanda mahali palipo wazi. Anaweza kukata ukanda mwembamba wa ngozi na kushona, ama kutoa mizizi kidogo kidogo kwa kichombo chenye upana wa karibu milimita moja. Mtu halazwi usingizi: anachomwa sindano za ganzi kichwani, na kazi inaweza kuchukua siku nzima.

Nywele zetu zina ugumu wake. Zimejikunja hadi chini ya ngozi. Asiyezizoea anaweza kukata mzizi wakati wa kuutoa, na mzizi uliokatika vibaya hauoti.

Siku kumi na nne za kwanza

Siku ya pili hadi ya tano, paji la uso linaweza kuvimba, hata macho yakafura. Hiyo ni kawaida, inashuka yenyewe. Lala kichwa kikiwa juu kwa mito. Magaga madogo yanatokea kila mahali palipopandwa; yaache yaanguke yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Ukikwaruza, unang'oa na mzizi.

Hapa kwetu ongeza haya. Vumbi la Goma na jua si rafiki wa kidonda, lakini kofia inayobana ni mbaya zaidi. Basi motari asirudi kuvaa kaske mpaka daktari amruhusu, na anayebeba mzigo kwa kamba ya kichwani apumzike. Usioshe kichwa na maji ya bidoni yaliyochotwa ziwani bila kuyachemsha na kuyapoza. Acha sigara na pombe. Maumivu yakikusumbua, parasetamol inatosha kwa wengi. Usijinunulie aspirini, inazidisha kutoka damu. Lakini aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila kuuliza daktari wake.

Nywele zinaanguka tena!

Hapo wengi wanashtuka. Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zilizopandwa zinaanguka. Mzizi umebaki ndani, umepumzika. Nywele mpya zinaanza kuonekana karibu mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili yanahesabiwa baada ya mwezi wa kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Usikimbilie mafuta ya sokoni kwa sababu ya hofu ya mwezi wa pili.

Dalili za hatari

Nenda hospitali bila kungoja ukiona usaha, homa, damu isiyokoma, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, ama ngozi inayogeuka nyeusi kama imekufa. Hilo la mwisho ni nadra, lakini linaacha kovu pasipoota kitu. Usinunue antibiotiki farmasi kwa kubahatisha. Beba karatasi yenye jina la operasheni, tarehe na dawa ulizopewa, ili mganga wa hapa ajue anaanzia wapi.

Kuna pia keloidi, kovu linalofura na kuvuka mipaka ya kidonda. Linapata watu weusi kuliko wengine. Kama sikio lako lilifura baada ya kutobolewa, ama una mapele magumu ya kisogoni yanayorudi kila ukinyolewa, mwambie daktari kabla ya kulipa. Huenda upasuaji haukufai kabisa.

Umbali ni sehemu ya hatari

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika mjini, ndege za abiria zilisimama Goma. Anayetaka kupanda ndege anavuka mpaka kwenda Gisenyi, kisha Kigali. Safari hiyo mtu mzima anaivumilia. Mwenye homa na kichwa chenye usaha haiwezi. Ndiyo maana swali la kwanza si bei. Uliza: nani mwenyewe atashika kisu, daktari au msaidizi wake? Amekwisha kupanda nywele kama zangu? Nikiugua siku ya kumi nikiwa Goma, nani atanipokea?

Wengine hawahitaji kisu

Kwa mama na dada zetu, mara nyingi nywele za pembeni zinakwisha juu ya kusukwa kwa kubana na meshi nzito. Ukilegeza misuko mapema, zinaweza kurudi. Ukiendelea miaka, ngozi inafanya kovu na haziwezi tena. Kwa watoto, madoa yenye maganda mara nyingi ni mapunye, ugonjwa wa kuvu unaotibiwa kwa vidonge vya hospitali. Na kama ugonjwa unaokula nywele bado unaendelea, hata zile zilizopandwa utazila. Kwa hiyo anza kwa kupimwa, ujue nywele zako zinaanguka kwa sababu gani. Kipimo hicho kinaweza kukuokolea pesa na kichwa.