Kwa Nini Wanauliza Tunaishi na Nani?

Mpakate mtoto, keti vizuri, tuongee.

Leo tunaanza na jambo ambalo huenda limekutokea. Mtafiti wa afya amefika nyumbani na karatasi zake. Amekuuliza jina la kijiji, idadi ya watoto na chanjo walizopata. Kisha anauliza: "Mama, wewe ni wa kabila gani?"

Hapo wengi hushtuka. Na sisi wa Tana River tuna sababu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano katika Delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto. Wengine wengi walihama makwao. Aliyepitia hayo hapendi kuona kabila lake likiandikwa. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza: swali hilo ni la nini, na litamsaidiaje mtoto wangu?

TUNAVYOISHI

Sote tunajua hali ilivyo. Vijiji vingi vya Wapokomo viko ukingoni mwa mto, karibu na mashamba. Waorma na Wawardei wengi wana vijiji vyao mbali kidogo na mto, na wakati wa kiangazi mifugo hushuka kwenye malka kunywa maji. Wako pia Wamunyoyaya, Wawata, Wagiriama na wengine. Sokoni Garsen tunachanganyika, lakini jioni wengi hurudi kila mtu kijijini kwao.

Wataalamu huita hali hii utengano wa makazi. Kuishi na watu wako si ugonjwa, wala si kosa. Shida huanza pale maji, barabara na zahanati vinapofika upande mmoja tu.

KUPIMA KWA KUNDE NA POJO

Utengano hupimwaje? Chukua sahani mbili. Una kunde 10 na pojo 10. Sahani ya kwanza weka kunde 9 na pojo 1. Sahani ya pili weka kunde 1 na pojo 9. Sahani hizo ni vijiji viwili.

Sasa jiulize: nihamishe kunde ngapi ili kila sahani iwe na kunde na pojo sawa kwa sawa? Jibu ni 8. Ukihamisha kunde 8, sahani ya kwanza inabaki na kunde 1 na pojo 1. Ya pili inakuwa na kunde 9 na pojo 9. Umehamisha 8 kati ya 10, yaani 80 kwa kila 100. Hicho ndicho kipimo cha utengano. Sifuri maana yake watu wamechanganyika kabisa. Mia maana yake hakuna wanaoishi pamoja hata kidogo.

Kipimo hiki kilienezwa mwaka 1955 na Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan, wataalamu wa Chicago, Marekani. Wao walitazama mitaa ya watu weusi na ya weupe. Hakuna anayehamishwa kweli, mama. Ni hesabu ya karatasini tu.

Kipimo cha pili huuliza hivi: mtoto akitoka nje kucheza, kati ya watu 100 anaoishi nao, wangapi ni wa kabila lake? Hicho huonyesha kama watu wamejifungia peke yao, au wanapata nafasi ya kukutana na wengine.

INAHUSU NINI NA AFYA?

Tuseme vijiji viwili vina watoto 50 kila kimoja. Kijiji kimoja watoto 45 wamemaliza chanjo. Kingine ni 15 tu. Ukijumlisha, ni watoto 60 kati ya 100. Ofisini wataandika 60, na kila mtu ataona kazi inaendelea. Lakini kile kijiji cha pili kina watoto 35 wasio na kinga kamili. Surua ikiingia huko, itawapata wote pamoja, kwa sababu wanacheza pamoja na kulala karibu karibu.

Ndiyo maana mtafiti hataki jumla peke yake. Anataka kujua ni kijiji gani kimeachwa, na kama vijiji vilivyoachwa ni vya watu wa aina moja. Huko Marekani, watoto weusi hufa kabla ya kufikisha mwaka mmoja zaidi ya mara mbili ya watoto weupe. Mwaka 2001 wataalamu David Williams na Chiquita Collins walieleza kwamba utengano wa makazi ni chanzo kikuu cha tofauti za afya kati ya weusi na weupe. Tatizo si damu ya mtu. Ni mahali alipowekwa kuishi, na alichonyimwa hapo.

Hata Kenya tuliwahi kutengwa kwa jina la afya. Nairobi ilipokuwa inasumbuliwa na tauni, serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson mwaka 1913. Alishauri Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae sehemu mbalimbali za mji. Aliyehitaji maji safi na mifereji akatengewa mtaa. Kwa hiyo tuwe macho: hesabu ya makazi inaweza kutumiwa kuwafikia watu, na inaweza kutumiwa kuwatenga.

MAKOSA YA HESABU

Kwanza, ukihesabu kaunti nzima, Tana River inaonekana imechanganyika kama githeri. Katika sensa ya 2019 tulikuwa watu 315,943 wa makabila mengi. Lakini shuka kijiji kwa kijiji, utaona sahani zile mbili.

Pili, wafugaji huhama. Familia iliyokuwa karibu na mto wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha haipo. Ukimhesabu mara moja tu, utampoteza, na chanjo ya mtoto wake itapotea naye.

Tatu, ramani haijui mto. Zahanati inaweza kuonekana iko karibu, kumbe ni ng'ambo. Mto ukifurika, hakuna mtumbwi wa kuvuka. Na penye uhofu kati ya vijiji, njia fupi huwa ndefu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akiogopa kupita kwa majirani, zahanati hiyo kwake ni kama haipo.

UFANYE NINI, MAMA?

1. Muulize anayekuhoji: unatoka wapi, na habari hizi ni za kazi gani? Katika utafiti, una haki ya kukataa swali lolote, na usinyimwe matibabu kwa sababu hiyo.

2. Fahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu kabila na hali ya afya kuwa habari nyeti. Jina lako halipaswi kutangazwa.

3. Taja kijiji chako chenyewe, si "Garsen" tu. Eleza unavyofika kliniki kiangazi na wakati wa mafuriko, na unatumia saa ngapi.

4. Kama mnahama, sema mtakuwa wapi mvua ikinyesha. Beba kitabu cha kliniki cha mtoto kila mwendako. Zahanati yoyote itaendelea pale chanjo ilipofikia.

5. Kwenye baraza, ulizeni matokeo. Tuambiwe kijiji gani kiko nyuma, na lini wahudumu watafika huko.

Tukumbuke jambo moja, akina mama. Surua haiulizi kabila, na kipindupindu hufuata maji ya mto huu huu tunaokunywa sote. Mtoto wa ng'ambo asipochanjwa, na wako yuko hatarini, maana watakutana sokoni. Basi ukisikia wenzako wa kijiji kingine wameachwa, usiseme hayakuhusu. Msemee na yeye.

Mwambie na jirani yako, awe wa upande huu au wa ng'ambo.