Ukivuka mpaka, mbwa umemwachia nani?

KAMEMBE, Rusizi. Mfanyabiashara wa hapa hasahau kitambulisho chake, hasahau simu ya pili yenye laini ya Kongo, wala hasahau kuhesabu magunia kabla hayajapakiwa. Kinachosahaulika mara nyingi kiko nyuma ya nyumba, kimefungwa kwa mnyororo: mbwa anayelinda stoo.

Kwa mfanyabiashara mdogo mbwa si pambo. Ni zamu wa pili, na kwa asiyeweza kulipa mlinzi wa usiku, ndiye zamu pekee. Analinda unga, kreti za bia, mbuzi wawili watatu, na watoto waliobaki na dada wa kazi. Lakini mlinzi huyu hadai mshahara, kwa hiyo mwenye nyumba akisafiri hakuna anayemkumbuka mpaka abweke usiku kucha, akate kamba, au amng'ate mtoto wa jirani.

Anayevuka daraja la Rusizi ya Kwanza asubuhi kwenda kuuza Bukavu na kurudi jioni hana tatizo kubwa. Mbwa hupewa maji na chakula alfajiri, akasubiri. Tatizo huanza kwa safari ya kulala nje: Uvira kupitia Bugarama na Kamanyola, Kigali kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe, au mbali zaidi, Kampala na Dar es Salaam, ambako mzigo ukikwama bandarini siku tatu hugeuka wiki mbili. Mbwa anaweza kuvumilia siku moja bila chakula. Bila maji hawezi, na bila mtu wa kumtazama huwa hatari kwa mtaa mzima.

Siku mbili zikawa miezi

Watu wa mpakani wanajua kuliko wengine kwamba tarehe ya kurudi si ya msafiri peke yake. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka yake kwa ajili ya Korona, ikaacha njia kwa mizigo na kwa raia na wakaazi wanaorudi nyumbani. Juni mwaka huohuo, wakati sehemu nyingi za nchi zilikuwa zimeanza kufunguliwa, watu wa Rusizi walirudishwa tena ndani. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na kituo cha Ruhwa, ambacho watu wa Bugarama walikizoea kama njia ya sokoni, kikanyamaza.

Katika hali kama hiyo, mtu aliyemwambia jirani "nitupie mbwa macho mpaka keshokutwa" ameacha deni lisilo na ukomo. Jirani alikubali siku mbili. Siku ya kumi chakula kimekwisha, pesa hakuna, simu ya mwenye mbwa haipatikani kwa sababu iko kwenye mtandao wa ng'ambo. Jirani huyo si mtu mbaya akimfungulia mbwa ajitafutie mwenyewe. Hakuachiwa njia nyingine.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kupanga ni hili: nisiporudi siku niliyosema, nani anaendelea, kwa pesa ipi, na kwa muda gani? Atakayetunza akishajua jibu la swali hilo, yaliyobaki ni rahisi.

Nani wa kumwachia

Katika miji mikubwa kama Nairobi kuna vituo binafsi vinavyopokea mbwa kwa malipo ya kila siku. Kwa wengi wa Rusizi njia ni zilezile za miaka yote: mfanyakazi wa nyumbani, zamu, ndugu, au jirani.

Mfanyakazi wa nyumbani anafaa ikiwa mbwa amemzoea na hamwogopi. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kwa kuwa anaishi hapo, basi anajua. Kama siku zote wewe ndiye unayemlisha, mbwa anakujua wewe. Angalau siku tatu kabla ya safari, mwache atakayemtunza ndiye apeleke chakula, wewe ukiwa umesimama karibu. Mbwa mkali akishapokea chakula kwa mkono mpya mara kadhaa, hatamwona mtu huyo kuwa mwizi siku ambayo haupo.

Zamu wa jirani naye anafaa, maana yuko macho usiku. Ila muulize bosi wake kwanza, kisha mlipe. Ndugu anayekuja kulala nyumbani ni bora kuliko kumhamisha mbwa, kwa sababu mbwa aliyehamishiwa mtaa mwingine hujaribu kurudi kwao, na njiani kuna magari, mbwa wengine na mawe ya watoto.

Jirani Mwislamu, na Bugarama wako wengi, aombwe kwa adabu. Dini yake haimkatazi mtu kuwa na mbwa wa ulinzi au wa mifugo, lakini mate ya mbwa kwake ni najisi, na chombo alicholamba mbwa kina taratibu zake za kuoshwa. Usimwachie sufuria ya mbwa jikoni kwake. Acha chombo cha mbwa uani kwako, umwombe amwage maji na kutupa chakula bila kushika kitu. Wengi hukubali kwa moyo mweupe wakiona umefikiria heshima yao.

Na kumbeba mbwa mwenyewe? Kuvuka naye mpaka si sawa na kuvuka na kikapu cha nyanya. Mbwa anayevuka kihalali anatakiwa kuwa na hati ya afya ya daktari wa mifugo na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nchi nyingi hutaka chanjo iwe imeshapita siku 30 na haijapita mwaka. Anayeamua wiki ya safari amechelewa.

Mali bila daftari

Mfanyabiashara hampi mtu mzigo bila kuandika. Mbwa naye aandikwe. Karatasi moja iliyobandikwa mlangoni inatosha, na iwe na mambo haya.

Chakula: nini, kiasi gani, saa ngapi. Ugali wa mihogo au wa mahindi pamoja na sambaza waliokaushwa ni chakula ambacho mbwa wengi wa hapa wamekizoea; sambaza wabichi huharibika upesi, usiwaachie mtu. Andika pia asichopewa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo. Vitunguu ni sumu kwake, hata vikiwa ndani ya mabaki ya mchuzi.

Maji: yabadilishwe asubuhi na jioni. Bugarama, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga ambako joto ni kali kuliko Kamembe, aongezewe mchana. Mnyororo uwe mrefu wa kutosha kufika kwenye maji na kwenye kivuli, maana kivuli cha asubuhi si cha alasiri. Usiku afunguliwe ikiwa tu ua umefungika.

Pesa: acha za chakula cha siku ulizopanga, uongeze za dharura, na ziwe za upande ambako mbwa yuko. Faranga za Kongo hazinunui unga Kamembe. Za ziada zitumwe kwa simu kabla hujavuka, wakati laini yako ya Rwanda bado inashika.

Namba: yako ya Rwanda, yako ya Kongo, ya mtu wa tatu atakayeamua usipopatikana, na ya afisa mifugo wa sekta yako.

Ukomo: siku ya kurudi, na jina la atakayepokea zamu kama siku hiyo itapita.

Kwa mwenye mbwa jike kuna hesabu moja zaidi. Joto lake hukaa karibu wiki tatu, na mimba ni kama siku 63. Akiachwa uani bila ulinzi katika wiki hizo, madume ya mtaa yatakuja yote, yatapigana mlangoni kwako, na mtunzaji wako atajikuta na kazi ambayo hamkukubaliana.

Hatari isiyoonekana

Majirani wana sababu ya kuogopa mbwa asiye na mwangalizi. Hapa Rwanda watu wazima wanakumbuka mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa waliobaki bila wenyewe walipozurura kati ya maiti, mpaka askari wakawapiga risasi. Kumbukumbu ile haijatoka, na anayefuga mbwa leo anafuga katikati ya watu wenye kumbukumbu hiyo. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mpaka leo mbwa anayezurura huishia kwa risasi au kwa nyama yenye sumu, na sumu haiulizi kama mwenyewe yuko safarini.

Lakini hofu kubwa zaidi ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, takriban 99 wameambukizwa na mbwa. Watu 4 katika kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni karibu muujiza.

Mbwa aliyefunguliwa ajitafutie hukutana na mbwa wengine jalalani na sokoni. Virusi havina pasipoti, vinavuka mto Rusizi kama mbwa wanavyovuka. Kwa hiyo kadi ya chanjo ndiyo hati ya kwanza ya kumwachia mtunzaji. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, mara nyingi kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kazi hiyo haikamiliki kama upande mmoja wa mpaka unachanja na mwingine unangoja.

Mtunzaji afundishwe na hili: mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri mwenye mbwa arudi. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira. Afungwe salama na kuangaliwa siku 10, na afisa mifugo ajulishwe. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa anaambukiza alipong'ata.

"Sikuwepo" si utetezi

Wapo wanaodhani kwamba aliyekuwa safarini hana kesi. Kwa walio na nyumba au stoo upande wa Bukavu, sheria iko wazi tangu zamani. Kifungu cha 261 cha sheria ya madeni ya Kongo, ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika kwa hasara aliyoisababisha, awe chini ya ulinzi wake, awe amepotea au ametoroka. Kamba iliyokatika haikuondolei mzigo.

Upande wa Rwanda, kuku waliouawa na mbuzi aliyeraruliwa huanza kama neno la majirani kijijini, na wasipoelewana shauri linaweza kufika kwa abunzi. Huko utaulizwa kwanza: ulimwachia nani? Mwenye karatasi yenye jina la mtunzaji, kadi ya chanjo na namba za simu anazungumza kama mtu aliyechukua tahadhari. Mwenye kusema "niliwaambia watoto" anazungumza na ukuta.

Gharama ya haya yote si kubwa ukiilinganisha na mzigo mmoja unaopotea. Unga wa wiki, pesa kidogo ya mtunzaji na chanjo ni sehemu ya gharama za safari kama nauli na ushuru, na ziingizwe kwenye hesabu ya faida mapema. Stoo ikivunjwa kwa sababu mlinzi wa miguu minne alikuwa amezimia kwa kiu, hesabu hiyo itafanyika tu, ila kwa hasara.

Ukirudi, mlipe mtunzaji kabla hujafungua magunia, na kitenge au samaki wa Uvira juu yake havidhuru. Ndiye utakayemwomba tena. Kisha muulize maswali mawili na usikilize vizuri majibu: alimng'ata mtu? Aling'atwa na mbwa mwingine? Kama jibu la mojawapo ni ndiyo, nenda kwa afisa mifugo siku hiyo, hata kama mbwa anakurukia kwa furaha na kutikisa mkia. Kichaa cha mbwa kinaweza kujificha wiki kadhaa, hata miezi, kabla hakijajionyesha, na huenda wakati huo wewe umeshavuka tena.