Kuacha pombe ghafla: Maombi na daktari waende pamoja

Makanga mmoja aliletwa kwangu Jumatatu asubuhi, ameshikiliwa na mkewe na jirani. Alikuwa ameanguka na kutupa mikono na miguu kama mwenye kifafa, ingawa hakuwahi kuugua maradhi hayo. Nilipouliza kuhusu pombe, mkewe alijibu kwa fahari: "Ameacha, daktari. Hajaonja tangu Jumamosi."

Hapo ndipo penye hatari. Kwa miaka mingi alikuwa akinywa chang'aa kila siku. Jumamosi hiyo kikundi cha maombi cha mtaani kilimwombea, akaapa, akamwaga chupa yake.

Mpenzi msomaji, pombe hutuliza ubongo, nao ubongo wa anayekunywa kila siku huzoea kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana nayo. Pombe ikiondolewa ghafla, nguvu hizo hubaki bila kizuizi. Mtu hutokwa na jasho, hutetemeka na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza aweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, na hali hiyo huweza kuua. Tiba ipo: daizepamu, inayopunguzwa polepole kwa siku chache chini ya uangalizi wa daktari, pamoja na vitamini B1. Kuimeza si upungufu wa imani, ingawa nimewahi kusikia ikihubiriwa hivyo.

Hata hivyo, sina ugomvi na vikundi hivi. Kazi ya dawa zangu iliisha kwa wiki moja. Baada ya hapo kulikuwa na baa tatu kati ya steji na nyumbani kwake, nami sina tembe ya baa. Kikundi kilikuwa na mlevi wa zamani aliyemngoja kila jioni wakatembea pamoja. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanza Marekani mwaka wa 1935, kilichota mengi kutoka kwa kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, na mmoja wa waanzilishi wake, Bob Smith, alikuwa daktari.

Desemba makanga aliteleza, akanywa wiki tatu mfululizo. Safari hii wenzake hawakumwapisha. Walimleta kwangu kwanza, angali ananuka pombe, kisha wakaketi kwenye benchi nje wakaanza kuomba.