Mguu wa Bandia Ndani ya Buti la Askari

Askari aliyekatwa mguu akiingia chumba cha vipimo, aghalabu haniulizi kama atatembea. Huuliza kama atarudi kazini. Kijana mmoja wa vikosi vya hapa Unguja aliniuliza hivyo kabla hajakaa, magongo bado yako kwapani. Alikuwa ameumia kwa ajali ya vespa, akawa kama anaona haya kwamba mguu wake haukuondoka vitani. Nami nikamuuliza: kazi yako kikosini ni ipi hasa?

Nimeshika kazi ya viungo bandia kwa miaka mingi na sijaona swali linalofaa zaidi ya hilo. Watu hubishana barazani kama mtu aliyepoteza kiungo aendelee kuwa askari, utadhani askari wote wana kazi moja.

Kwanza tuuelewe mguu wenyewe. Sehemu inayobaki baada ya kukatwa tunaiita kigutu. Hicho hukaa ndani ya kikombe kigumu kilichofinyangwa kwa kipimo chake, na hapo ndipo uzito wote wa mwili unapoegemea. Aliyebakiwa na goti lake amepona nusu: kwa kawaida kutembea humgharimu nguvu takriban robo zaidi ya mtu mwenye miguu miwili. Akikatwa juu ya goti, gharama hiyo huzidi kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana daktari mzuri wa upasuaji hulipigania goti kwa kila njia.

Halafu kuna kisiwa chetu. Msimu wa kaskazi jasho hujaa ndani ya kikombe, ngozi ikateleza, ikatoka malengelenge, na lengelenge moja linaweza kumvua mtu mguu wake kwa wiki nzima. Mchanga na maji ya chumvi hula vyuma vya kifundo. Askari wa doria huruka kutoka kwenye boti maji yakiwa kiunoni, chini ni miamba na matumbawe, na pengine ana mtu wa kumbeba. Usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama kwenye mkondo wa Nungwi, waokoaji walihitaji mikono na miguu yao yote. Kwa kazi kama hiyo siwezi kumwambia kamanda kwamba mguu wa kawaida tunaomvisha mgonjwa unatosha. Nitakuwa namdanganya, na atakayelipa ni yule anayezama.

Lakini boti hiyo haiondoki bandarini bila fundi wa injini, mtu wa redio, mtunza ghala, msoma ramani na mwalimu aliyewafunza vijana kupiga mbizi. Hospitali ya KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, pale Kibweni ina wauguzi na maabara. Mtu aliyekaa baharini miaka kumi na tano anayajua magendo na njia zake kuliko kuruta yeyote mwenye miguu miwili. Tukimstaafisha, ujuzi huo unakwenda nyumbani pamoja naye.

Majeshi mengine yamelipitia jambo hili. Ian Cardozo, ofisa wa India, alikanyaga bomu la ardhini katika vita vya 1971 vya kuikomboa Bangladesh, akaukata mwenyewe mguu uliosagika. Baadaye alipewa kuongoza batalioni, kisha brigedi. Frederick Franks wa Marekani alijeruhiwa Kambodia mwaka 1970, akakatwa mguu chini ya goti; mwaka 1991 aliongoza kikosi kizima cha vifaru katika vita vya Ghuba. Kapteni David Rozelle alipoteza mguu Iraq mwaka 2003, akapita vipimo na kurudi hukohuko Iraq mwaka 2005. Katika jeshi hilo la Marekani, miaka ya 1980 waliokatwa viungo na kurudi kazini walikuwa asilimia 2.3. Katika vita vya Iraq na Afghanistan walifika asilimia 16.5. Wengi bado hawakurudi, na takwimu hiyo naiheshimu kwa sababu inaonesha kwamba waliorudi walipimwa kwanza.

Kisheria, Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unailinda katika kifungu cha 27 haki ya kazi, hata ya mtu anayepata ulemavu akiwa tayari kazini. Uingereza iliuridhia ikaweka sharti la kuyatoa majeshi yake katika wajibu huo wa ajira. Zanzibar ilikwishatunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hivyo la JWTZ, jeshi la Muungano, litaamuliwa huko, na lina uzito kwetu pia: Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki karibu na Beni, huko Kongo, ilipovamiwa, askari 15 wa Tanzania waliuawa na makumi wakajeruhiwa, na wana wa visiwa hivi walikuwamo. Lakini KMKM, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na Chuo cha Mafunzo ni idara maalum chini ya kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar. Hapo hatuna wa kumngojea.

Na kuna jambo moja ambalo sisi mafundi tunalijua na walio wengi hawalijui. Kigutu kipya kimevimba. Hupungua polepole kwa miezi sita, mara nyingine hata mwaka mzima, na katika muda huo kikombe hubadilishwa zaidi ya mara moja. Bodi ya afya inayomkagua askari mwezi wa tatu inaukagua mguu ambao haujamalizika kutengenezwa. Ikimwandikia kustaafu siku hiyo, imehukumu kabla ya ushahidi kufika.

Nawaomba makamanda wa vikosi na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waandike hili katika kanuni: askari aliyepoteza kiungo, iwe kazini au barabarani, asiachishwe kabla ya mwaka mmoja, na siku ya kupimwa apimwe kwa kazi iliyotajwa kwa jina. Akishindwa kazi hiyo, apimwe kwa nyingine. Yule kijana wa vespa ni fundi injini. Goti lake analo.