Amandina Lihamba: Mwigizaji wa jukwaani aliyeonekana kwa nadra kwenye filamu

Na Mwandishi Wetu

KWA kipimo cha idadi ya filamu, Profesa Amandina Lihamba hawezi kushindana na waigizaji waliojaza rafu za maduka ya kanda na diski za video hapa nchini katika miaka ya 2000. Wapo kati yao waliotoa filamu kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Kwa upande wake, kati ya filamu mbili zinazomtambulisha zaidi, ya mwaka 1985 na ya mwaka 2001, kuna pengo la miaka 16.

Hata hivyo, wanapotajwa wanawake walioijenga sanaa ya maonyesho Tanzania, jina la mwanamama huyo haliachwi. Makala haya yanaeleza ni kwa vipi mwigizaji anaweza kuwa na filamu chache na bado akawa na kazi kubwa, na kwa nini kazi ya aina hiyo ni rahisi kusahaulika.

Chuo kikuu na Azimio

Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Kizazi chake kilifikia utu uzima wakati nchi ikiwa changa na ikijiuliza maswali mengi, likiwamo la sanaa: jukwaa la Tanzania huru liwe la nani, na lizungumze lugha gani?

Wakati wa ukoloni, maigizo ya ukumbini yalikuwa ni mambo ya wazungu na ya shule, na shuleni Shakespeare ndiye aliyetamba. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alimtafsiri mwandishi huyo kwa Kiswahili, akatoa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tafsiri hizo zilithibitisha kuwa lugha yetu ina uwezo wa kubeba mzigo mzito, lakini hadithi ilibaki kuwa ya watu wengine.

Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwaka huo huo sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa kama somo linalojitegemea katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo ndipo walipojitokeza wasanii wasomi waliokusudia kulirudisha jukwaa kwa wenyewe: ngoma, majigambo, utambaji wa hadithi na ngonjera vikaingizwa ndani ya tamthiliya badala ya kuachwa nje kama mapambo.

Lihamba alikuwa mmoja wao. Alifundisha, aliigiza, aliongoza michezo na kuandika. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na maigizo Tanzania baada ya Azimio la Arusha, kuanzia 1967 hadi 1984. Kwa maneno mengine, aliichunguza kitaalamu kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiifanya.

Tamthiliya zake

Mwaka 1980 ilitoka Hawala ya Fedha, tamthiliya aliyoitoa katika kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal. Ni habari ya mzee wa Dakar anayetumiwa hawala na mpwa wake aliyeko Paris, lakini hawezi kuichukua fedha kwa kuwa hana kitambulisho. Kila ofisi anayoiendea inampeleka kwa nyingine, na njiani wajanja wanamnyemelea. Mtanzania aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" dirishani hakuhitaji kuelezwa kuwa Dakar iko mbali; alijiona mwenyewe.

Miaka miwili baadaye ilichapishwa Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando, ambaye pia hujulikana kama Penina Mlama, na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu kuandika kwa pamoja tamthiliya kuhusu historia ya mapambano ya nchi, tena miaka 20 tu baada ya uhuru, halikuwa jambo dogo. Mwaka 1992 ikafuata Mkutano wa Pili wa Ndege.

Ikumbukwe kuwa katika miaka hiyo mwanamke kupanda jukwaani kulihitaji moyo. Wazazi wengi waliihesabu sanaa kuwa ni uhuni, na mwigizaji wa kike ndiye aliyesemwa zaidi. Msomi wa chuo kikuu aliyesimama mbele ya watu na kuigiza alikuwa akitoa hoja hata kabla ya kufungua kinywa.

Kwa nini filamu chache?

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kwa nini mwigizaji wa kiwango hicho hakucheza filamu nyingi. Jibu liko zaidi katika uchumi kuliko katika kipaji.

Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, lakini kutengeneza filamu kulikuwa ghali. Mikanda iliagizwa kutoka nje, ikisafishwa huko huko nje, na yote hayo yalilipiwa kwa fedha za kigeni. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni hata kwa mahitaji ya lazima. Televisheni nayo haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Kwa miaka yote hiyo mwigizaji alikuwa na jukwaa na redio. Filamu ilikuja kama mvua ya kiangazi.

Mvua hiyo ilinyesha mwaka 1985, ilipotolewa Arusi ya Mariamu, filamu fupi iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill. Inamhusu mwanamke anayeugua maradhi ambayo hospitali haiyaponyi, naye ana hofu ya siku nyingi dhidi ya waganga wa jadi. Lihamba alikuwa miongoni mwa waigizaji wake.

Mulvihill alirudi tena, safari hii akishirikiana na Mtanzania Martin Mhando, kuongoza Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001. Humo Lihamba aliigiza kama Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye hajasema neno kwa miaka mingi. Daktari anayejaribu kumfikia, Asira, aliigizwa na Barbara-O, Mmarekani Mweusi ambaye watazamaji wa nje walimfahamu kwa filamu ya Daughters of the Dust ya mwaka 1991.

Nafasi hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini. Silaha ya kwanza ya mwigizaji wa jukwaani ni sauti, kwa kuwa lazima imfikie aliyeketi nyuma kabisa. Samehe hana sauti. Anachobaki nacho ni uso, mabega, mikono na namna ya kuketi, na kamera iko karibu kiasi kwamba kila kinachozidi kinaonekana kuwa uongo. Aliyezoea kukuza kila ishara ili ionekane na ukumbi mzima alitakiwa sasa kuipunguza.

Maangamizi ndiyo filamu ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo za Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Ilipita miaka 21 kabla nchi haijawasilisha nyingine, nayo ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyowasilishwa mwaka 2022.

Jukwaa nje ya ukumbi

Sehemu ya kazi yake iliyowafikia watu wengi wa kawaida haikuwa ya filamu wala ya ukumbini. Ni ile inayoitwa sanaa ya maonyesho kwa maendeleo.

Utaratibu wake hauanzi na mchezo ulioandikwa tayari. Wasanii hukaa na wenyeji na kuuliza ni jambo gani linalowasumbua. Majibu huchambuliwa kwa pamoja, kisha wenyeji wenyewe hutunga igizo, ngoma au ngonjera kuhusu jambo hilo. Baada ya onyesho hufuata mjadala wa wazi, na mwisho huamuliwa nani afanye nini. Bila hatua hiyo ya mwisho, onyesho hubaki kuwa burudani.

Mwaka 1990, Lihamba na Mlama walianzisha mradi wa sanaa za maonyesho kwa watoto. Mwaka 1996 ukafuata mradi wa Tuseme, uliowalenga wasichana wa shule za sekondari. Kupitia maigizo, wasichana walieleza mambo ambayo hawakuthubutu kuyasema darasani: kusumbuliwa kimapenzi, mimba, kazi nyingi za nyumbani, na kudharauliwa wanapojibu swali. Baadaye Mlama aliliongoza Jukwaa la Wanawake wa Afrika Wanaelimu lenye makao yake Nairobi, na Tuseme ikaenea katika nchi nyingine za Afrika.

Faida ya njia hii inaonekana zaidi ukiwa mbali na Dar es Salaam. Chukua kijiji kama Matembwe, mkoani Njombe, zaidi ya kilometa 600 kutoka jijini. Tamthiliya ya ukumbini haisafiri kirahisi hadi huko. Igizo la namna ya Tuseme linahitaji kiwanja cha shule, ngoma, na wanafunzi wenye jambo la kusema. Mzazi anayepita akitoka shambani naye anaweza kusimama na kutazama.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na ni mwaka 2021 tu Serikali iliporuhusu warejee baada ya kujifungua. Huwezi kusema kuwa maigizo pekee ndiyo yaliyoleta uamuzi huo. Lakini robo karne kabla yake, wapo wasichana waliokuwa wamepewa mahali pa kulitamka tatizo hilo mbele ya walimu na wazazi wao.

Kinachobaki

Sanaa ya jukwaani ina ubaya mmoja: taa zikizimwa, imekwisha. Kitabu cha tamthiliya hubaki, lakini hakionyeshi mwigizaji alivyosimama, alivyonyamaza, wala ukumbi ulivyoangua kicheko. Ndiyo maana filamu chache alizocheza Lihamba zina thamani kubwa kuliko idadi yake. Kupitia hizo, asiyewahi kumwona jukwaani anaweza kumwona akifanya kazi.

Yeye mwenyewe aliijua hatari ya kusahauliwa. Alikuwa miongoni mwa wahariri wa juzuu ya Afrika Mashariki ya mkusanyiko wa maandishi na kauli za wanawake wa Afrika, iliyotoka mwaka 2007, ambayo ilikusanya sauti za wanawake wa ukanda huu kutoka vipindi mbalimbali.

Kazi ya namna hiyo haijafanywa vya kutosha kwa jukwaa letu. Watu walioziona tamthiliya za miaka ya 1970 na 1980 sasa ni wazee. Vyuo vya sanaa, maktaba na vituo vya utangazaji vina nafasi ya kuwarekodi waigizaji na watazamaji wa zama hizo, kukusanya picha na matangazo ya maonyesho, na kuzionyesha tena filamu hizo kwa vijana. Simu ya mkononi inatosha kuanzia, ilimradi waanze wakati wazee hao wapo.