Mgane wa Dalmeny na hatima ya Uganda

Juni 6, 1894, Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa Epsom, nje ya London, farasi wake Ladas alipowaacha wenzake na kushinda mbio za Derby. Umati ulimshangilia kama mfalme. Siku 12 baadaye, Juni 18, serikali yake ikatangaza rasmi kwamba Uganda ni himaya ya Uingereza.

Huyo ni Archibald Primrose, Earl wa 5 wa Rosebery, Mskoti mwenye jumba na mashamba Dalmeny, kando ya ghuba ya Forth, karibu na Edinburgh. Katika vitabu vyetu vya historia Lugard na Portal, Waingereza waliotumwa Uganda miaka hiyo, wana kurasa zao. Rosebery akibahatika hupata sentensi moja. Si haki. Aliyepigania Uganda ishikwe, tena dhidi ya mawaziri wenzake, ni yeye, na aliipigania akiwa mtu aliyevunjika moyo kwa msiba wa nyumbani.

Alizaliwa London mwaka 1847. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, mama akaolewa tena, na mwaka 1868 babu alipokufa, kijana wa miaka 20 akarithi cheo, ardhi na kiti katika Bunge la Malodi. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Oxford. Chuo kilipomwambia achague kati ya masomo na farasi aliyemnunua, naye pia akiitwa Ladas, alichagua farasi na kuondoka bila shahada.

Mwaka 1878 alimwoa Hannah de Rothschild. Hannah alikuwa mtoto pekee wa Mayer de Rothschild, na wazazi wake walipofariki alibaki na jumba la Mentmore, Buckinghamshire, na utajiri uliomfanya atajwe kuwa miongoni mwa wanawake matajiri kuliko wote Uingereza. Ndoa hiyo haikupendeza pande zote mbili. Mama yake Rosebery hakutaka mkwe Myahudi, na wanaume wa ukoo wa Rothschild hawakuhudhuria harusi. Aliyemkabidhi bibi harusi ni Disraeli, waziri mkuu wa wakati huo, kiongozi wa chama pinzani na kile cha bwana harusi.

Kuna kisa kinachopendwa sana kwamba Rosebery ujanani aliapa mambo matatu: kuoa tajiri, kushinda Derby na kuwa waziri mkuu. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kutamka hivyo, na mimi naona kisa hicho kinamdhulumu Hannah kwa kumfanya kikombe cha ushindi. Bibi huyu alikuwa na akili ya siasa. Mwaka 1879, Gladstone, mwanasiasa mkubwa wa chama cha Rosebery, alipofanya kampeni yake kubwa ya uchaguzi huko Midlothian, alifikia kwao Dalmeny, na Rosebery ndiye aliyeiandaa kampeni hiyo. Mume alikuwa mwepesi wa kukata tamaa, wa kujiuzulu na kususa. Mke ndiye aliyemsukuma arudi uwanjani. Walijaliwa watoto wanne: Sybil, Margaret, Harry na Neil.

Novemba 19, 1890, Hannah akafariki Dalmeny kwa homa ya matumbo, mwili ukiwa tayari umedhoofishwa na maradhi ya figo. Alikuwa na miaka 39. Mkubwa wa watoto alikuwa na miaka 11, mdogo hajatimiza minane. Alizikwa London, katika makaburi ya Wayahudi ya Willesden, kwa taratibu za dini yake ambayo hakuiacha. Rosebery aliumia kuona kwamba hata kaburini wasingelala pamoja. Tangu siku hiyo aliandika barua zake kwenye karatasi yenye ukingo mweusi, na usingizi, ambao tangu zamani ulimpa taabu, ukazidi kumkimbia.

Mwaka 1892 Gladstone, sasa waziri mkuu, alimtaka awe tena waziri wa mambo ya nje. Akakataa, akabembelezwa, hadi Mwanamfalme wa Wales akaingilia kati. Alipokubali tu, alikuta faili la Uganda mezani. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ilikuwa imeishiwa fedha na ilitaka kuondoka Buganda. Gladstone na Harcourt, waziri wa fedha, walisema iondoke. Rosebery akagoma. Hoja yake ilikuwa chemchemi za Nile na usalama wa wamisionari. Rai ya Waganda wenyewe haikuulizwa katika chumba kile. Baraza la mawaziri nusura livunjike. Suluhu ikawa kumtuma Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, akachunguze. Aprili 1, 1893, Portal alishusha bendera ya kampuni mjini Kampala na kupandisha ya Uingereza. Miezi michache baada ya kurudi kwao naye akafa kwa homa ya matumbo, maradhi yale yale yaliyomchukua Hannah.

Machi 1894 Rosebery akawa waziri mkuu. Hakudumu. Mapema 1895 alikuwa hoi kwa mafua makali na kukosa usingizi, akizungushwa usiku kwa gari la farasi mitaani. Juni, serikali ikashindwa bungeni kwa kura saba juu ya baruti za jeshi, naye akajiuzulu kama aliyetuliwa mzigo. Siku chache baadaye, Julai 1, pwani ya Mombasa na bara yake nayo ikatangazwa rasmi kuwa himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa.

Aliishi miaka 34 zaidi bila kushika wadhifa serikalini tena, akiandika vitabu, kikiwamo kimoja juu ya Napoleon. Novemba 1917 Neil, mwanawe kipenzi na mbunge, aliuawa vitani Gezer, Palestina. Novemba iliyofuata, siku chache kabla bunduki hazijanyamaza, baba akapata kiharusi. Alifariki Mei 1929.

Harry alirithi cheo na mapenzi ya farasi, akashinda Derby mara mbili, na mwaka 1945 akawa waziri wa Uskoti kwa muda mfupi. Alipokufa mwaka 1974, familia iliipa serikali nafasi ya kuichukua Mentmore na vyote vilivyomo kwa pauni milioni 2. Serikali ilikataa. Mwaka 1977 samani na picha zilizokusanywa na baba yake Hannah zilipigwa mnada, zikaleta zaidi ya pauni milioni 6. Dalmeny ilibaki mikononi mwa ukoo wa Primrose.